Mwenye plau aliyewafungia ng'ombe shamba

Saa kumi na mbili asubuhi, jua limeanza kuugusa Mlima Elgon kwa mbali, lakini huku Tongaren, Bungoma, bado ni baridi. Nehemiah Khaemba ameinama kando ya mtaro akikata mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe, kwa panga. Majani yana umande, na mikono ya sweta yake imelowa hadi viwikoni.

Nyuma yake, maksai wawili wamefungwa kwenye shina la mkaratusi wakimsubiri. Mmoja anaitwa Mwalimu kwa sababu hutembea mstari ulionyooka. Mwingine anaitwa Diwani.

"Huyo anakula kuliko vile anafanya kazi," anasema Nehemiah huku akitabasamu. "Lakini ukimtoa kwa nira, mwenzake naye anakataa kutembea. Sasa utafanya nini? Si unabaki naye tu."

Karibu kabisa na maksai hao kuna chakula tele. Ni ekari moja na nusu ya mabua ya mahindi yaliyovunwa Novemba. Lakini shamba lote limezungushiwa kamba ya mkonge iliyofungwa kwenye vijiti. Diwani anayatazama mabua, anamtazama Nehemiah, kisha anayarudia mabua.

Kamba hiyo ndiyo imemfanya Nehemiah, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, azungumziwe kijiji kizima mwezi huu wa Januari.

Hapa Tongaren, mahindi yakishavunwa, shamba hufunguliwa. Hakuna aliyeliandika jambo hilo mahali popote, lakini kila mtu analijua. Kuanzia Krismasi hadi mvua za Machi, ng'ombe wa yeyote huingia kwa yeyote na kula mabua. Leo wako kwa huyu, kesho kwa yule. Anayefunga shamba lake huonekana mchoyo, au mtu mwenye neno moyoni dhidi ya majirani.

"Baba yangu hakuwahi kufunga," anasema Nehemiah. "Mimi ndio wa kwanza kwa hii laini yetu ya mashamba. Na si eti ninapenda."

Kinachowashangaza majirani zaidi ni kwamba mtu huyu anaishi kwa nguvu za ng'ombe. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akilimia watu mashamba kwa plau ya kukokotwa na maksai. Machi inapokaribia, simu yake hailali. Ekari moja humpa shilingi elfu tatu na mia tano, na wengi hutaka shamba lipigwe mara mbili kabla ya kupanda. Ada za shule za watoto wake watatu zimetoka kwenye plau hiyo.

Kabla ya hapo alikuwa kibarua katika shamba kubwa karibu na Kitale. Kazi yake ilikuwa kumfuata dereva wa trekta na kung'oa mizizi iliyokwama kwenye meno ya jembe. Anakumbuka vumbi la Februari.

"Trekta ikipita, udongo unapanda juu kama moshi, unaenda," anasema. "Mimi nilikuwa nafurahi, naona tumefanya kazi. Sikujiuliza huo udongo unaenda kwa nani."

Nchi inapotaka kujua kama mwaka ujao kutakuwa na unga, macho huelekea kwanza Trans Nzoia na Bungoma. Malori yanayoondoka hapa yakipungua, sufuria za mbali hutambua. Lakini wakulima wa Tongaren wanasema magunia yamekuwa yakipungua kidogo kidogo, hata mbolea ikiongezwa. Mvua nayo siku hizi huja, hunyamaza, kisha hurudi mahindi yakiwa yameshachoka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka uliopita. Juni, mvua ilikatika kwa majuma matatu. Mahindi ya Nehemiah yalijikunja majani kama ya kila mtu, isipokuwa kipande kidogo nyuma ya jikoni. Hapo alikuwa ametandaza mabua ambayo ng'ombe waliyaacha, na hakulima. Alikuwa amepasua tu mistari ya kupandia kwa chuma chembamba, kama alivyoonyeshwa na afisa wa kilimo wa wadi, Joan Chepkemei.

"Niliingiza mkono chini ya yale mabua," anasema Nehemiah. Anafungua kiganja chake polepole, kana kwamba udongo ule bado umo. "Palikuwa na maji. Jua inawaka hivi, na palikuwa na maji. Nikamwita Mama Joy akuje aguse."

Mkewe, Edah, ndiye Mama Joy. Anasema alidhani mumewe ameona nyoka.

Nehemiah alipanda gari hadi Kitale na plau yake ya zamani, akamtafuta fundi wa kuchomelea vyuma anayeitwa Huzaifa, nyuma ya soko. Alimwomba aondoe ule ubapa unaopindua udongo na aweke jino moja tu la kupasulia.

"Alinicheka, bana," anasema. "Akaniambia, 'Mzee, watu huniletea plau niongeze chuma. Wewe wataka nipunguze, halafu unilipe?'"

Huzaifa hakukosea sana. Kupasua mistari hufanywa mara moja tu, na Nehemiah anatoza shilingi elfu mbili kwa ekari. Kila mteja anayemgeuza kutoka kwenye kulima anampunguzia kipato. Kwa msimu ujao wamekubali wanne, na anatamani waongezeke.

Lakini shida kubwa haikuwa pesa. Shida ilikuwa mabua. Udongo unayahitaji, na ng'ombe wanayahitaji, maksai wake wakiwa wa kwanza.

Joan Chepkemei, ambaye kwao ni Kapsokwony, anakiri kwamba hana jibu jepesi. "Kwenye mafunzo tulionyeshwa picha nzuri za mashamba yaliyofunikwa mabua," anasema. "Baadaye nilikaa nikafikiria, nikaona hakukuwa na ng'ombe hata mmoja kwenye zile picha. Huku kwetu kila boma lina ng'ombe."

Nehemiah aliamua kujaribu kwenye shamba lote la ekari moja na nusu. Baada ya Krismasi akafunga kamba.

Asubuhi iliyofuata, jirani yake Wilkista Nasambu alifika na ng'ombe wake kama kila mwaka. Wilkista ni mjane wa miaka sitini na kitu, na kijijini anaitwa Mama Kizito. Alisimama mbele ya kamba. Edah alimwona kutoka jikoni.

"Hakusema kitu," anasema Edah. "Alishika kamba hivi, akaiachilia, akageuza ng'ombe. Afadhali angetukana."

Edah anamkaribisha chai mgeni aliyekuja kuandika habari hii, na kabla ya kuimimina anaomba radhi. Ni strungi, chai isiyo na maziwa. Kwenye kichanja nje ya jikoni, chupa ya plastiki imeinamishwa, kavu kabisa. Kwa miaka mingi chupa hiyo ilitoka kwa Mama Kizito kila asubuhi ikiwa na maziwa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba maziwa yalikuwa ya mabua, au mabua ya maziwa. Ng'ombe alikuja, chupa ikaja, basi. Tangu kamba ifungwe, chupa haijajazwa tena.

Kisha Diwani akaharibu mambo zaidi.

Wiki iliyopita alikata kamba yake alfajiri, akaiangusha ile ya shambani, akaingia. Aliyemwona kwanza alikuwa Mama Kizito. Hakumfukuza. Alisimama njiani akaita kwa sauti iliyofika hadi barabara kubwa.

"Mama Joy! Kuja uone mgeni wa heshima anakunywa chai! Kumbe ni sisi tu tumefungiwa. Diwani ako na ruhusa!"

Watu walicheka. Waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama. Nehemiah alimtoa maksai wake bila kuinua uso.

Ila baada ya watu kuondoka, Edah alibaki akiangalia pale Diwani alipopita. Maksai alikuwa amekula majani na sehemu ya juu ya mabua, ile nyembamba. Sehemu ya chini, ngumu kama fimbo, hakuigusa. Ilikuwa imelala chini tu.

"Nikamwambia Baba Joy, huyu mwizi ametugawia," anasema Edah. "Ya juu amechukua, ya chini ameacha."

Siku hiyo hiyo Nehemiah alikata sehemu za juu kwenye mistari michache, akafunga mzigo mkubwa, akaubeba mwenyewe hadi kwa Mama Kizito. Hakumkuta. Aliuegemeza mlangoni mwa boma.

Siku mbili zilipita na mzigo ukabaki pale pale. Kila aliyepita aliuona.

"Hapo ndipo nilishindwa," anasema Nehemiah kwa sauti ya chini. "Kama mvua ingekataa, ningeelewa. Lakini kama nitavuna vizuri na huyu mama hanisalimii, nitakuwa nimevuna nini?"

Anainuka kuwapelekea maksai majani aliyokata. Anapokaribia mkaratusi, anasimama ghafla. Kwenye njia ya vumbi anakuja mwanamke mrefu aliyefunga leso kiunoni, na kichwani amebeba mzigo wa mabua. Mkononi ana panga.

Mama Kizito anafika kwenye kamba na kuutupa mzigo chini.

"Nimerudisha mali yako."

"Mama, hiyo ilikuwa ya ng'ombe," anasema Nehemiah.

"Najua ni ya ng'ombe. Ati ulidhani nilifikiria ni mboga? Mimi si mgonjwa nibebewe chakula mpaka kwa mlango."

Nehemiah anavua kofia yake. Edah ametoka jikoni na kusimama, mikono ikiwa na majivu.

"Ng'ombe yangu hajalala njaa," anaendelea Mama Kizito. "Nyasi ninaweza kununua. Lakini wewe, Nehemiah, ulioa nikichinja kuku. Uliambia yule msichana wa kilimo. Uliambia watu kanisani, wakapiga makofi. Mimi niko hapa, naskia mkikohoa usiku. Mimi niliambiwa na nani? Niliambiwa na kamba."

Diwani ameacha kucheua, anawatazama.

"Nilikosea, Mama," anasema Nehemiah. "Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo. Halafu kesho yake tungeongea tena. Si ndivyo watu hukaa?"

Kisha anainua kamba kwa mkono mmoja, anainama chini yake na kuingia shambani. Anageuka.

"Ng'ombe abaki nyumbani. Mimi ndio nimeingia. Shamba ni lazima ifunguliwe kwa mtu. Sasa nionyeshe, mnakata wapi?"

Nehemiah anaruka kamba kama kijana. Anashika bua na kumwonyesha, pale juu ya mahali lilipokaa hindi. Mama Kizito anakata moja, anakata la pili. Anagonga kipande kilichobaki kwa ubapa wa panga.

"Na hii ngumu, udongo inakula?"

"Inakula pole pole, Mama. Mchwa wanasaidia."

"Basi udongo iko na meno kunishinda."

Edah anacheka akijifuta macho kwa mkono wenye majivu. Kisha naye anachukua panga. Kwa muda wanakata watatu, kila mmoja na mstari wake, na mabua ya chini yanalazwa katikati ya mistari, yakifunika ardhi kama mkeka.

Wakiwa bado wanakata, Nehemiah anaeleza mipango yake. Mvua zikianza, anataka kuotesha mabingobingo kwenye mpaka wote kati yake na Mama Kizito, ili Januari ijayo pawe na majani ya kutosha pande zote mbili. Anataka pia majirani wengine waje wakate wenyewe, kama leo. Na kabla hajapasua shamba lake, angependa kupasua nusu ekari ya Mama Kizito.

"Nani alikuambia nimekubali?" Mama Kizito anauliza bila kuinua kichwa.

"Hujakubali, Mama. Ndiyo nakuambia mapema."

Mama Kizito anamaliza kwanza kukata mistari miwili.

"Nusu ya hiyo nusu," anasema. "Ile nyingine ulime kawaida. Nataka kuona kwa macho yangu, si kwa kanisa."

Nehemiah anakubali. Robo ekari ni ndogo, anasema baadaye, lakini kipande cha nyuma ya jikoni kilikuwa kidogo zaidi.

Jua limepanda Mama Kizito anapofunga mzigo wake na kujitwika. Mara hii anapita kwenye pengo ambalo Nehemiah amemfungulia. Karibu na mkaratusi, Diwani ananyoosha shingo kuelekea mabua.

"Wewe usiniangalie," anamwambia. "Wewe ulishakula."

Anatembea hadi njiani. Hapo anasimama na kuita bila kugeuka, kwa sababu ya mzigo.

"Mama Joy! Kesho tuma mtoto na chupa."