Jina Lililokosa Nafasi Bustanini

Diwani wetu aliamua kuwaenzi wanajeshi wa mtaa wetu wa Umoja waliofia kazini, akazungushia ua jaa la taka na kuliita bustani. Ubao wa majina nilipewa mimi, fundi niliyejifunza kwa kunakili vibao vya maduka. Jina la diwani na vyeo vyake vyote lilitakiwa liwe kubwa kuliko mengine. Yeye angalau alikuwa hai kulisoma. Marehemu sita wakabakiwa na nafasi ya watano. Nilipima kwa rula mara nne, kisha, nakiri, nikamwacha mmoja ili mistari yangu mizuri isibanane.

Siku ya ufunguzi, baada ya hotuba ndefu, mama mmoja alishusha kidole kwenye ubao, akakirudisha juu, akaanza tena.

“Fundi, wangu yuko wapi?”

“Nafasi iliisha, mama.”

“Mwandike hata pembeni. Alilala kitanda kimoja na ndugu zake wanne, kubanana hakumtishi.”

Nilichukua brashi mbele ya watu wote. Pembeni palikuwa finyu, herufi zikapanda juu ya cheo cha mwisho cha diwani. Diwani akakohoa. Nikasita.

“Endelea, mwanangu,” mama alisema. “Bado jina la baba yake.”