Tangazo Lililogoma Kwenda Hewani

Sitegemei uniamini mara moja. Hata mimi ningelisikia kwa mtu mwingine ningesonya. Lakini lilinitokea mwenyewe, saa kumi na moja jioni, kweupe kabisa, nikiwa na akili zangu zote na kikombe cha chai mezani. Mimi ni mwanamke fundi wa kompyuta katika redio ndogo pale Sakina. Kazi yangu ni kutafuta sababu vitu vinapogoma. Hili nalitafutia sababu mwaka wa pili sasa.

Kama unaishi Arusha unajua matangazo ya vifo yanavyosikilizwa. Ikifika saa kumi na mbili jioni, hata watoto wanaambiwa wanyamaze. Kwetu yanarekodiwa mchana na kuwekwa kwenye folda moja. Saa ikifika, kuna programu inayofanya kazi chinichini, huioni popote kwenye kioo, inayasoma na kuyarusha yenyewe. Mtangazaji anakuwa keshakwenda zake nyumbani.

Siku hiyo programu ikakataa kuwaka. Sababu iliyoitoa ilikuwa fupi: ruhusa imekataliwa. Ni ugonjwa wa kawaida, usitishike. Kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema nani alisome. Programu nayo ina jina lake. Faili lisilo lake, kama haikuruhusiwa, hailigusi. Nikakagua folda, iko sawa. Nikakagua na zile za juu yake, maana unaweza kuwa na ufunguo wa chumba na geti likawa limefungwa. Sawa pia. Basi nikaanza kutoa faili moja moja na kuwasha upya. Nilipotoa la saba, programu ikawaka.

La saba lilikuwa tangazo la mama mmoja wa Nkoaranga, kule mteremkoni mwa Meru. Lililetwa asubuhi na mwanawe, kaka anayeitwa Anaeli. Mazishi yalikuwa kesho yake saa saba. Nikatazama mwenye faili ni nani: hapana jina, namba tu. Nikalibadilisha liwe la programu, nikawasha. Ruhusa imekataliwa. Nikatazama tena, namba ile ile imerudi. Nilibadilisha mara nne, nakuapia, na mara nne ikarudi.

Ningeweza kuliacha nje ili mengine yaende, na sikufichi, nilishafikiria hivyo. Meza ya kurushia moja kwa moja ilikuwa kwenye matengenezo wiki hiyo, kwa hiyo hata kulisoma kwa mdomo isingewezekana. Lakini ndugu wa yule mama wangesikia wapi? Kaburi halingoji fundi amalize kazi.

Ndipo nikaona kuna mtu mlangoni. Mama mtu mzima, amevaa kitenge cha kijani cha sare ya kwaya, na soksi nyeupe bila viatu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na tope la Sakina unalijua. Soksi zake zilikuwa safi. Niliziona, ila mwenye haraka haoni anachokiona.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Nikasema moyoni, huyu msiba umemchanganya.

"Rehema wa Moshono hayumo," akasema.

Nikachukua karatasi ya tangazo. Habari ziwafikie Godlisten wa Sakina, Anna wa Njiro, na wengine. Kweli, Rehema hakuwamo.

"Mama, pole sana. Lakini mabadiliko anayaleta aliyeandikisha tangazo."

"Mwenye tangazo ni mimi. Andika Rehema wa Moshono, binti wa kwanza."

"Wa kwanza wa marehemu?"

"Wa kwanza," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo hilo.

Nikamdhania shangazi wa familia. Na mimi dawa zilikuwa zimeniishia. Kilichobaki kilikuwa kurekodi upya. Nikasoma kwa sauti yangu mwenyewe, nikaongeza jina alilotaka, nikahifadhi. Programu ikawaka papo hapo bila kunung'unika. Nilipogeuka kumwambia, mlango ulikuwa mtupu.

Najua fundi mwenzangu atasema nini. Faili jipya lilizaliwa na ruhusa sahihi, basi. Nami nilijiambia hivyo hivyo, nikafunga ofisi nikaenda kula.

Siku ya tatu Anaeli akaja, macho mekundu.

"Dada, nani kakuambia uniongezee ndugu redioni? Wa kwanza kwa mama ni mimi!"

Nikamweleza kuhusu yule mama. Nilipotaja kitenge cha kijani alikuwa bado anabisha. Nilipotaja soksi, akaketi.

"Tulimvika sisi," akasema. "Mochwari, siku ile ile, saa nane mchana. Viatu vilikataa kuingia."

Akanisimulia mengine taratibu. Walikuwa wameshaanza kufukia pale alipofika mwanamke amejitanda mtandio, anahema, akisema amesikia redioni jina lake. Watu wakataka kumtoa. Mjomba wao mkubwa akawazuia wenye makoleo. Akasema mbele ya wote kwamba dada yake alizaa kabla ya ndoa, na mtoto akapewa familia moja ya Kiislamu mjini imlee. Rehema akashika udongo, akamtupia mama yake, akalia mpaka waliotaka kumtoa wakalia naye.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka leo sipokei tangazo kabla sijamsomea aliyelileta majina yote na kumuuliza kama hakuna aliyeachwa. Wengine wananinunia. Wanune.

Na wewe nakuonya: usisubiri mzazi wako afike mochwari ndipo mhesabiane. Muulize angali anaongea. Mimi nilimwendea baba yangu, mzee wa kanisa, mkali, msafi wa sifa, nikamuuliza siku yake ikifika tumtangazie nani ambaye sisi hatumjui. Alinifukuza sebuleni, akasema kompyuta zimeniharibu.

Wiki iliyofuata alinipigia simu mwenyewe, asubuhi mapema. Akaniuliza kama nina kalamu, kisha akanitajia majina mawili.