Makubazi Yaliyobaki Ufukweni

Katika baraza moja ya Tibirinzi bado inasimuliwa kwamba mimi, karani mzima, nilitolewa baharini nikivutwa shingo, na kwamba aliyenitoa ni rafiki yangu mwalimu. Sasa nimestaafu, na dereva wa idara yetu, aliyekuwa shahidi wangu wa pekee, ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo naandika mambo kama yalivyokuwa.

Miaka michache baada ya Mapinduzi, kila Jumapili ya msimu wa joto, sisi watatu tulikwenda pwani inayotazamana na kisiwa cha Kojani, tukaogelea hadi katikati ya mlango wa bahari na kurudi. Kanuni yetu ilikuwa moja: kila mtu aache makubazi yake juu ya mchanga, na anayetoka majini ayavae papo hapo. Yakionekana yamebaki, mwenyewe bado yumo baharini. Kanuni hiyo niliitunga mimi.

Siku hiyo maji yalianza kupwa kabla hatujageuka. Mkondo ukatutenganisha, na mwalimu sikumwona tena. Mimi na dereva tulifika ufukweni tukitambaa. Jozi mbili zilikuwapo: ya dereva, na nyingine yenye kisigino kilichotiwa kiraka cha mpira wa gari. Hiyo ilikuwa ya mwalimu. Yangu haikuwapo, wala sikuiulizia. Nilikiona kiraka tu.

"Yumo ndani," nikasema.

"Yakhe, wenda wapi? Hata pumzi huna!"

"Yule ana watoto wanne."

"Na wako watalelewa na nani? Ngoja nikawaite wenye mtumbwi!"

Sikungoja. Niliogelea nikimwita, nikapiga mbizi, nikafumbua macho ndani ya chumvi. Kila nilipoibuka, ufukwe ulikuwa umesogea mbali zaidi. Kisha mguu wa kulia ukakakamaa. Nikamwita tena, na maji yakanijaa kinywani.

Mkono ulionikamata shingo ulikuwa wake. Alikuwa ametoka majini kabla yetu, akavaa makubazi ya kwanza aliyoyaona, kama watu wafanyavyo mlangoni mwa msikiti, akaiwahi sala ya alasiri. Dereva alimkuta njiani akirudi, wakaja mbio.

Nilipokwisha kutapika maji, niliyaona makubazi yangu pale alipoyavua mbio, moja huku, moja kule.

"Umenitia hofu, bwana," akaniambia. "Mtu mzima waogelea peke yako, maji yanakupwa?"

Dereva alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kwamba alinitoa, sikatai. Na iandikwe hivyo. Lakini iandikwe pia kwamba niliingia kumtafuta yeye. Mwenyewe hajapata kulitamka hilo. Hata hivyo, hadi leo akija kwangu huyavua makubazi yake mbali na yangu, na wakati wa kuondoka huinama, akayageuza na kutazama visigino, ndipo akavaa.