Natina na Mji Usio na cha Kuona

Jua halijapanda juu ya mapaa ya Altamura, na Incoronata Lospinuso tayari amesimama mlangoni mwa tanuri la mkate, mikono ameikunja, akingoja kuchaguliwa mkate. Hapa mteja hachagui. Mwokaji ndiye anayechagua. Huugonga mkate upande wa chini kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, kisha akausikiliza.

"Huu bado umelala," anasema, na kuurudisha. "Chukua huu. Una watu wangapi leo, Natina?"

"Wanane."

"Wanakula?"

"Kwanza watasema hawali."

Mwokaji anacheka. Anaongeza mkate wa pili, na juu yake kipande cha ukoko wa moto, cha dereva kutafuna njiani. Kwa ukoko huo huwa hamdai malipo.

Natina, kama anavyoitwa na kila mtu katika njia hii, ana miaka hamsini na minane. Ni dereva wa gari dogo la abiria. Kuanzia masika hadi mavuno ya zabibu anawazungusha wageni kwenye miji ya kale: Altamura, Gravina, Matera, halafu Pietrafonda, halafu Acerenza na Venosa. Analipwa yuro sabini kwa siku. Majira ya baridi halipwi kitu; anachuma zeituni katika shamba la kaka yake.

Chini ya kiti cha mbele anaweka kigoda cha kijani alichokigongelea misumari mwenyewe. Gari linaposimama, yeye hushuka kwanza, akakitega kigoda mlangoni, akanyoosha mkono. Hawaulizi watu kama magoti yanawauma. Anakitega kwa wote, wazee kwa vijana, ili asiaibike mtu.

Zamani alikuwa dereva wa basi la shule katika vijiji vya mlimani.

"Nilianza na watoto tele, wanapigana kwa mikoba," anasema, huku akipanga mikate nyuma ya gari. "Mwaka wa mwisho walibaki watatu, na wawili wao ndugu wa tumbo moja. Wazazi wamehamia kaskazini kutafuta kazi. Shule ikafungwa. Mimi na basi tukabaki tunatazamana."

Aliyempa kazi hii ya wageni ni Ruggiero, kijana wa ofisi ya safari kule Bari, ambaye naye aliwahi kuwa mtoto wa basi lile. Alikuwa akitapika kwenye kona. Natina alikuwa akimketisha mbele, dirisha wazi, na kumpa ganda la limau anuse. Mpaka leo Ruggiero anamwita shangazi.

Na ni Ruggiero huyo huyo aliyemwita ofisini mwezi wa nne, akamkalisha, akamletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Natina anasema alipoiona ile kahawa alijua kuna neno.

Neno lilikuwa Pietrafonda.

Pietrafonda haina ngome. Ina kanisa, lakini mnara wa kengele ulianguka nusu kwa tetemeko na nusu iliyobaki imefungwa kamba. Kilichopo ni kichochoro kimoja ambako alasiri, jua likishavuka, wanawake wanatoa viti nje ya milango na kukaa wakimenya maharage mabichi au kuvunja lozi. Mgeni akipita anavutiwa kiti. Anaulizwa: "Wewe ni wa nani?" Akishajibu, kwa maneno au kwa mikono, anawekewa bakuli mapajani naye amenye. Ni hivyo tu. Hauziwi kitu.

Wageni wengine walipenda. Wengine waliandikia ofisi kwamba walikalishwa kwenye kiti na hawakuonyeshwa chochote.

"Wakubwa wanataka tuiruke, shangazi," Ruggiero alimwambia. "Tupite barabara kuu mpaka Venosa, kwa basi kubwa la watu hamsini. Basi lenyewe linakuja na dereva wake."

Natina alielewa. Basi la watu hamsini haliingii Pietrafonda hata likipakwa mafuta. Na bila Pietrafonda, gari lake dogo halina kazi, wala yeye.

"Umeshaamua?" aliuliza.

"Sijaamua. Nitakuja nione kwa macho yangu, ndipo niwaandikie."

Jioni ya kuamkia safari hiyo, Natina alifanya kosa ambalo angelifanya mtu yeyote wa huku. Alimpigia simu Carmosina, bibi wa miaka themanini na tatu ambaye kiti chake ndicho cha kwanza pale kichochoroni, akamwambia: "Kesho naja na mkubwa wa ofisi."

Hakuongeza neno. Alidhani anawasaidia.

Kesho yake walifika Pietrafonda alasiri. Njiani Ruggiero alikuwa amekaa mbele, rangi imemtoka.

"Shangazi, kona zile bado zipo?"

"Zihamie wapi, mwanangu? Fungua dirisha."

Natina alitega kigoda, akawashusha wageni wake mmoja mmoja, akawaongoza mpaka kichochoroni. Kilikuwa kitupu. Hakuna kiti hata kimoja, hakuna bakuli. Madirisha yote yamefungwa. Paka alikuwa amelala katikati ya njia, mahali Carmosina anapokaa.

"Hapa ndipo?" Ruggiero aliuliza polepole.

Natina anasema alidhani kuna msiba.

Mlango ukafunguliwa. Carmosina alikuwa amesimama kizingitini kwa gauni jeusi la kanisani, mkufu wa dhahabu shingoni, nywele zimelowa maji na kulazwa. Nyuma yake sebule ilikuwa wazi.

Watu wa huku wanaijua sebule ile, kwa sababu kila nyumba inayo yake. Ni chumba kizuri kuliko vyote na hakikaliwi. Kinafunguliwa kwa posa, kwa padri, na kwa maiti. Makochi ya Carmosina yalinunuliwa bintiye alipoolewa, na nailoni ya dukani haijatolewa mpaka leo.

"Karibuni wageni wangu, karibuni, kaeni," alisema, kwa sauti ambayo Natina hakuwahi kuisikia kwake.

Wageni wanane wakaketi kwenye nailoni, na nailoni ikalia. Joto lilikuwa kali. Carmosina akagawa vigilasi vya pombe tamu ya limau, kisha akasimama wima karibu na kabati, mikono mbele, kama anayepigwa picha. Mgeni mmoja alitaka kuegemea mto wa kushonwa.

"Huo asiuegemee," Carmosina alimnong'oneza Natina. "Wa harusi."

"Mama, viti viko wapi?" Natina naye alinong'ona. "Kwa nini hukutoa viti nje?"

"Nitoe viti! Mbele ya mkubwa! Anikute nimekaa na maganda miguuni, aende akasimulie Bari?"

"Na jirani yako Vitangela?"

"Nimemficha jikoni. Gauni lake lina doa."

Ruggiero aliitazama saa yake mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Natina alitazama sakafu. "Nilikuwa nimekwisha anza kuchuma zeituni kichwani," anasema.

Katika wageni wale alikuwamo Birthe, muuguzi mstaafu kutoka Denmaki, mwanamke mrefu mwenye goti bovu. Goti likamkaza. Akainuka, akaonyesha kwa mkono kwamba anaomba maji, na kabla Carmosina hajamzuia akasukuma mlango wa nyuma akaingia jikoni.

Hakurudi.

Baada ya muda ilisikika sauti ya Vitangela. "Si hivyo! Bonyeza hapa, kwenye mshono. Hee! Mikubwa mikono yako, kama ya mume wangu!" Halafu kicheko cha watu wawili.

Mgeni wa pili alikwenda kutazama. Akafuata wa tatu na mkewe. Wakatoka sebuleni mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja akimwinamia Carmosina kichwa anapompita, mpaka makochi yakabaki na Ruggiero peke yake, kigilasi mkononi.

Carmosina alikuwa karibu kulia. Akamtazama yule mkubwa wa ofisi, akasema lile analolijua.

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi ndiye msimamizi wa safari, mama."

"Sikukuuliza kazi."

"Wa Immacolata. Mshonaji, kule Gravina."

"Hajambo?"

"Alifariki majira ya baridi yaliyopita."

Natina, aliyekuwa mlangoni, anasema Carmosina alimnyang'anya kijana kile kigilasi na kukiweka kabatini.

"Sasa unafanya nini humu?" alimwambia. "Humu ni mwa wageni. Nenda jikoni, mwanangu."

Naye akaenda. Vitangela, kwa gauni lake lenye doa, alimsogezea sanduku la mbao akalie, akamwekea bakuli. Hakuambiwa kama huyu ndiye mkubwa. Alimwacha amenye kidogo, kisha akampiga kofi mkononi.

"Mtazameni huyu! Maharage anatupa, maganda anaweka! Nani alikulea?"

"Shangazi Natina alinilea nusu," Ruggiero alisema, "ile nusu ya kwenye kona." Hata wasioelewa lugha walicheka, kwa vile Vitangela alivyocheka.

Walikula maharage yale mabichi kwa jibini ya chumvi na mkate wa Altamura. Birthe aliwekewa mguu juu ya kiti, na Carmosina akamletea mto wa goti. Ulikuwa ule wa harusi.

Walichelewa sana. Walipofika Acerenza kanisa kuu lilikuwa limefungwa, na mwanamume mmoja katika kundi alikasirika, akasema alilipia kanisa, hakulipia maharage. Alikuwa na haki yake. Natina alimwomba radhi, na asubuhi yake akaamka mapema akampeleka peke yake, kanisa lilipofunguliwa, wenzake wakiwa bado wanakunywa kahawa.

Wakati wa kurudi Ruggiero alikaa tena mbele.

"Sijui nitaandika nini, shangazi."

"Andika kwamba tulichelewa. Ni kweli."

Aliandika hivyo, na mengine ambayo Natina hajayaona. Jibu la wakubwa lilikuja katikati ya kiangazi: Pietrafonda ibaki mwaka huu. Kuhusu mwaka ujao wataamua baada ya mavuno ya zeituni. Basi kubwa limekwisha agizwa, na Ruggiero hakumficha hilo.

Kwa hiyo Natina hafumbi macho. Anajua huenda masika yakaja na yeye hana kazi ya ofisi. Ameomba wakifika huko wamuuzie hili gari dogo, ambalo limechoka na hakuna mwingine anayelitaka. Ruggiero ameahidi kumsemea bei, na kumpelekea wale wageni wasiopenda kwenda na makundi makubwa.

"Sitatajirika," anasema. "Lakini kule juu kuna watu wanaoweza kumaliza juma zima hawajaulizwa kitu na mtu. Na huku ninao watu waliotoka mbali kuja kutazama mawe. Gari ninalo. Nisiwakutanishe?"

Tayari ana mahali pengine akilini. Ni Serralta, mbele ya Pietrafonda, mlimani zaidi, ambako dada yake Carmosina anaishi katika mtaa ambao milango inayofunguliwa asubuhi ni michache kuliko iliyofungwa kwa kufuli. Ofisi haijui. Wala yule dada hajui bado.

Hawezi kuwapeleka wageni moja kwa moja, anaeleza. Huwezi kupeleka watu katika nyumba ambayo wewe mwenyewe hujala. Kwa hiyo Jumapili atampitia Carmosina baada ya misa, na watapanda kwenda Serralta wao wawili, viti vya nyuma vitupu.

"Tutakula tutakachopewa," anasema Natina, akiliwasha gari. "Na nikiombwa kurudi, basi. Hapo ndipo nitaanza kuhesabu viti."