Kiapo cha Vårby gård

Niliondoka Kigoma nikiwa na hasira. Mdogo wangu Adela, anayefanya usafi hospitalini Stockholm, alinipigia simu akilia. Mkufu wa bibi harusi ulikuwa umepotea kwenye sherehe, naye akaambiwa ndiye mwizi. Viongozi wa chama cha Waafrika wa huko wakamtaka alete watu kumi na wawili wa kuapa kwamba ni mwaminifu, la sivyo atangazwe kuwa mwizi. Adela alikuwa mgeni mjini. Angewatoa wapi? Viza ya kumtembelea nilikuwa nayo tayari, nikaanza safari.

Uwanja wa ndege nilimkuta amekonda. Tukapanda treni hadi Rissne, anakoishi. “Dada, hata salamu yangu hawaiitikii,” aliniambia njiani.

Kesho yake, kabla ya kikao cha kuapa kilichopangwa jioni, alinipeleka kwenye makumbusho ya mambo ya kale ili nitulie. Sikutulia. Binti aliyetutembeza alieleza kwamba zamani mtuhumiwa aliapa, na ndugu na majirani wakaapa pamoja naye. Wakitosha, aliachiwa.

“Na mgeni asiye na ndugu?” niliuliza kwa Kiingereza changu cha shule.

“Sehemu nyingi za Ulaya, mtu kama huyo aliweza kubebeshwa chuma cha moto. Mkono ulifungwa kitambaa. Kidonda kikioza, ana hatia.”

Adela akatumbukiza mikono mifukoni.

Jioni tulishuka kituo cha Vårby gård, kwenye ukumbi wa chama. Ukumbi ulijaa. Mzee Gaspar, mwenyekiti, Mrundi mwenye sauti ya upole, akanitazama. “Mama, karibu. Umekuja kumwapia? Mbona uko peke yako?”

“Sikuja kuapa, Mzee. Nimekuja kuuliza. Nani alimwona akichukua?”

Mama wa bibi harusi akasema, “Aliingia chumba cha makoti.”

“Wengine hawakuingia?”

“Waliingia. Lakini hao tunawajua.”

“Kumbe kosa lake ni kutojulikana!” nilisema kwa sauti.

Hapo bibi harusi mwenyewe, Neema, akasimama na kumwambia mama yake jambo kwa Kiswidi. Mama akafoka, “Nyamaza!” Adela akaninong'oneza: “Anasema alishamwambia mama yake kwamba huenda mkufu uliangukia bustanini, walipokuwa wakipiga picha.”

Mzee Gaspar akajifuta uso. “Basi, tuyaache.”

“Hatuyaachi! Mmemwita mwizi mbele ya watu. Mwombeni radhi mbele ya watu.”

Mzee Gaspar aliomba, kwa sauti ya chini. Nikamtaka arudie. Akarudia. Mama wa bibi harusi alishatoka nje bila kuaga. Mkufu haukuonekana kamwe.

Nimerudi nyumbani na hasira yangu haijaisha. Nilidhani hukumu za chuma cha moto zilibaki makumbusho. Kumbe zinahitaji chumba tu chenye watu wanaojuana, na mmoja wasiyemjua. Siku hizi mtaani kwetu mtu akipigiwa kelele za mwizi, mimi hujipenyeza katikati na kuuliza nani ameona. Majirani wameanza kunichukia.