Lori la Papa Nicolas Juu ya Meza Yangu

Mke wangu Naomie akiulizwa mumewe Eddy anafanya kazi gani, hujibu kwamba ninatengeneza simu sokoni. Ni kweli, na ndiyo kazi inayotulisha. Lile jambo jingine halitaji, nami simlaumu. Mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mwenye kitambi na watoto, anayekaa mezani akiwa ameshika taa ya gari kwa kibano cha nyusi huku amezuia pumzi, si habari ya kupeleka kanisani.

Ninaunda magari madogo ya plastiki. Yanakuja ndani ya boksi, vipande vyote vikiwa vimeshikana kwenye fremu. Unakata kimoja kimoja, unalainisha kingo, unagundisha, unapaka rangi. Kwenye picha ya boksi gari huwa linang'aa na nyuma yake kuna milima yenye theluji. Likitoka mikononi mwangu linaonekana limetoka kwenye ajali, tena ajali ambayo dereva alikuwa na makosa.

La kwanza nililipata katika mzigo wa mitumba, boksi limekanyagwa, maelezo yote ya Kijapani. Sikujali. Nilijiambia kwamba mtu anayefungua simu kila siku hawezi kushindwa na kitu cha watoto. Vioo nilivibandika kwa ile gundi kali ya dukani. Moshi wa gundi ukaganda ndani, na kufikia asubuhi vioo vyote vilikuwa vyeupe pe. Jirani yangu Jafari, fundi cherehani, alilitazama gari lile kwa adabu zote kisha akaniuliza dereva ataionaje barabara. Nikamjibu kwamba ni gari la msimu wa ukungu. Alicheka mpaka akaenda kumwita mkewe aje kuona.

La pili nililipaka rangi nyekundu katikati ya mvua. Kwa unyevu wa Kisangani hata chumvi hulia, sembuse rangi. Ilikataa kukauka, kumbikumbi wakatoka ardhini, na mmoja wao akachagua paa la gari langu. Nilipomng'oa alitoka yeye, mabawa yakabaki. Nilimfokea Naomie kana kwamba ndiye aliyemzaa yule kumbikumbi. Mimi hasira zangu ziko karibu, na zikija hazibishi hodi. Nyumbani kwangu mtu akipiga chafya karibu na meza ile, anatoka nje kabla sijageuka.

Mtu mmoja tu sikuthubutu kumfokea, naye ndiye aliyekuwa akiniudhi kuliko wote. Ni baba yangu, Papa Nicolas. Alizaliwa Yanonge, kwa watu wa mtumbwi na nyavu, lakini maisha yake yote ya kazi aliendesha lori katika barabara ya Bafwasende. Lori halikuwa lake, lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini. Lakini ni yeye aliyepanda juu ya bampa na kuandika kwa mkono wake, kwenye paji la kabini, jina la mama yangu: Maman Marthe. Mama alifariki lori likiwa bado linafanya kazi. Miaka michache baadaye lori nalo likauzwa vipande vipande. Picha za mama tunazo. Za lori hatuna hata moja.

Sasa Papa macho yake yameingia ukungu. Anatofautisha mwanga na rangi, kitu kikiwa karibu na jua likiwa kali, basi. Kila Jumapili baada ya misa huja kula kwangu, na kabla hajakaa vizuri hugeuza uso upande wa meza yangu.

"Eddy, ungali unacheza na bitu ya batoto?"

"Si muchezo, Papa. Iko maquette, gari ya mufano."

"Bon. Ungali unacheza na maquette."

Lilikuwa linaniuma neno lile. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Papa ashike mkononi gari nililoliunda mimi, aseme kwa kinywa chake, hili ni lori langu. Nikaamua kulijenga.

Kwanza lori lenyewe halipo katika maboksi ya mtu yeyote. Kadidja, anayeleta bidhaa kutoka Kinshasa, aliniletea lori la Ulaya linalofanana nalo kidogo, pamoja na vichupa vya rangi ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kabini niliikata na kuiunga upya. Bodi ya mbao niliijenga kwa vijiti vya kiberiti. Turubai ilikuwa mwavuli wa Naomie, ambaye bado anauulizia. Ili nipate vipimo nilikwenda pale malori yanapopakia, nikiwa na futi ya Jafari shingoni, nikaanza kupima matairi na madigadi. Madereva walidhani nimetumwa na ofisi fulani. Walinong'onezana, kisha mmoja akaja na mkungu wa ndizi kunilainisha. Nilikataa kwa sauti ya chini sana, na ndizi zile tulizila kwa muda mrefu.

Rangi ilikuwa buluu, si ya mbingu, ile iliyokwisha kuchoka. Matope niliyachora mwenyewe kwa rangi ya kahawia, tabaka juu ya tabaka. Mwisho nikaandika jina, kwa brashi niliyoipunguza ikabaki na nywele chache. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Naomie aliwachukua watoto wakaenda kumsalimia mama yake bila mimi kumwomba. Waliporudi, jina lilikuwa limekaa: Maman Marthe, herufi nyeupe, lenye kusomeka kwa lenzi ninayotengenezea simu. Niliwalazimisha wote walisome.

Jumapili hiyo niliweka kimeza uani, juani, kwa ajili ya macho ya Papa. Jafari alikuja na kigoda chake. Hakualikwa.

"Papa, leo niko na kitu ya kukuonesha," nikasema.

"Kama iko kale ka voiture, acha nikule kwanza."

Akala. Lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, na kila mwiba aliutoa kwa vidole, akauweka pembeni ya sahani, akautafuta mwingine. Nilitoka jasho kuliko siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni. Mwishowe akanawa, akafuta mikono, akanyoosha viganja. Nikamwekea lori.

Akalisogeza mpaka karibu liguse pua. Vidole vikaanza kutembea: bodi, ubao kwa ubao, turubai, tangi la mafuta. Vikafika kwenye madigadi ya mbele, upande wa kuume, vikasimama. Pale nilikuwa nimekata kipande.

"Hii, nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Uliikata na musumeno, kule Bafwasende, sababu ilikuwa inakwaruza mupira ya pneu. Nilikuwa kidogo. Ulinipeleka vacances ya masomo."

"Ulikuwa umelala ndani ya kabini."

"Sikukuwa nalala, Papa. Nilikuwa nakuangalia."

Kidole kikapanda taratibu kuelekea paji la kabini, kikasita, hakikugusa.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

"Maman Marthe."

Jafari aliacha kutafuna. Papa alilishika lori kwa mikono miwili, akaliweka mapajani.

"Hii iko kamio yangu," akasema.

Ndilo neno nililolitaka, nikalipata. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nina hakika nilikuwa nimeiandaa, ikapotea yote. Nikasema "Merci, Papa" kwa sauti ya mtoto wa shule.

Papa akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa kichupa.

"Donc, tuarroser."

Hapa kwetu gari jipya haliingii barabarani kavu. Mwenyewe anamwagia kinywaji magurudumu na uso wa gari, mbele ya mashahidi, na kinachobaki watu wanakunywa. Papa alifanya hivyo kwa kila lori alilokabidhiwa, na hakuwahi kutumia bia. Kwake ni lotoko tu, ile pombe kali ya mihogo na mahindi. Tatizo ni kwamba mimi lotoko ndiyo ninayosafishia brashi. Rangi ile ya maji, hata ikauke vipi, ikigusana na lotoko inaachia yote.

"Papa, non, ngoja. Tumwage maji."

"Maji? Unataka ianguke ndani ya ravin?"

Akafungua kifuniko. Naomie alikwisha kurudi nyuma hatua moja, Jafari alikwisha kunyanyua kigoda chake, maana wote wawili wananijua. Na kweli, mdomo wangu ulikuwa umefunguka, kelele zimefika kwenye meno. Hapo Papa akavua kofia. Akainamia lori na kulisemesha kwa sauti ya chini:

"Uende muzuri, urudi muzuri."

Nikafunga mdomo. Sijui jinsi nilivyoweza, kwa sababu sijawahi kuweza kabla ya siku ile.

Akamwaga. Kwanza magurudumu, kisha kabini nzima, bila ubahili. Buluu ikaanza kutembea, kahawia ikaifuata, vikachanganyika vikadondoka kwenye magoti ya suruali yake ya misa. Naomie akaweka mkono mdomoni. Papa akapangusa paji la kabini kwa kidole gumba, polepole, huku na huku, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Alipoona maji meusi yanachuruzika juani, akacheka kwa furaha.

"Unaona? Matope ya ile njia inatoka."

Miezi yangu yote ilikuwa inadondoka mchangani. Niliumia, sitasema uongo, niliumia kama mtu aliyeibiwa. Na bado nilikuwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa sababu hakuna mtu anayemwagia kitu cha kuchezea lotoko yake nzuri.

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Njia ilikuwa mubaya sana."

"Ilikuwa mubaya." Akainua lori kuelekea jua, akakunja macho, akatafuta. "Na jina ya mama yako? Sasa inaonekana clair?"

Nilitazama. Ilikuwa plastiki nyeupe, tupu, safi kama ilivyotoka kwenye boksi.

"Inaonekana, Papa," nikamwambia. "Maman Marthe. Inaonekana muzuri sana."