Ijumaa ya Usukani Mzito

Wiki iliyopita nilikuwa Kebirigo siku ya soko, nikichagua ndizi za kupika, nikasikia trekta ikikata kona nyuma ya vibanda huku usukani wake ukilia. Unaujua mlio ule? Ni mwembamba, kama wa ndama aliyefungwa mbali na mamake, na hutoka pale pampu ya usukani inapopungukiwa mafuta. Niliweka ndizi chini. Muuzaji aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nimemkumbuka tu baba.

Nyumbani kwetu ni upande wa Itumbe, milimani, ambako chai imeshuka hadi bondeni. Baba alikuwa na trekta kuukuu aliyoachiwa na babu. Aliitumia kuvuta kuni za kiwanda cha chai na mawe ya kujengea, na msimu wa kulima ukifika akaiteremsha Sironga, kwenye mashamba tambarare, kuwalimia watu. Barabara zetu ni kona na miteremko. Kwa hiyo alichokiogopa baba si injini kuzima, bali usukani kugoma akiwa na mzigo nyuma.

Ndiyo maana kila Ijumaa alasiri aliushughulikia. Sisi ni Waadventista, na jua likizama kazi zote husimama, basi Ijumaa nyumba nzima ilikuwa mbioni. Mimi nilikaa mlangoni pa jikoni nikichambua chinsaga, zile mboga chungu ambazo Mgusii hawezi kuishi bila hizo. Nyanya alisonga ugali wa wimbi, harufu yake ikichanganyika na ya dizeli iliyotoka uani.

Baba alianza kwa kufuta vumbi kwenye kifuniko cha tangi la mafuta ya usukani, maana alisema mchanga kidogo tu huua pampu. Alichovya kijiti, akayasugua mafuta kati ya vidole: yakiwa na povu, hewa imeingia, yakiwa meupe kama maziwa, ni maji. Mkanda wa pampu aliubonyeza kwa dole gumba kuona kama umelegea. Kisha mama, na gambuti zake za kuchumia chai, alipanda kitini, injini ikiunguruma, akauzungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, ili hewa itoke. Majirani waliopita walicheka kumwona huko juu, naye alicheka nao.

Mipira ya kupitisha mafuta baba aliikagua kwa kipande cha katoni. Alikipitisha polepole kandokando, na palipokuwa na tundu katoni ililowa. Sisi watoto alitukataza kabisa kusogeza mkono hapo. Alisema mafuta yale husukumwa kwa nguvu kuliko tunavyodhani.

Ijumaa ninayoisema, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baba alirudi amechelewa, mabega yakimuuma, kwa sababu usukani ulikuwa mzito njia nzima. Alitaka amalize kabla ya jua kuzama. Katoni iliyokaa chini ya kiti ilikuwa imelowa mvua, ikamkatikia mkononi, akaitupa. Mama alikuwa tayari kitini, usukani ameukaza hadi mwisho, pale mafuta yanaposukumwa kwa nguvu zaidi. Nilimwona baba akipitisha mkono wa kulia chini ya mpira, kisha akaurudisha ghafla kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Nini?" mama akauliza.

"Si kitu. Ni chuma tu imenidunga."

Alikuja jikoni kunawa. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na nukta ndogo kuliko ya mwiba, bila damu. Alikula vizuri, akatuongoza katika maombi ya kufungua Sabato.

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba, akashika Biblia kwa kushoto. Mama alitaka waende hospitali mara moja. Yeye akasema baada ya ibada. Kwenye zahanati alieleza kwamba amedungwa na chuma, maana ndivyo alivyoamini, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa vidonge na kumrudisha nyumbani. Siku iliyofuata kidole kilikuwa cheusi na baridi. Jirani mwenye gari akampeleka Kisii.

Yaliyotokea huko alitusimulia mama. Daktari aliutazama mkono kwa muda mrefu, kisha akauliza mzee alikuwa akifanya nini alipodungwa. Baba alipotaja mpira wa mafuta, daktari alivuta kiti akaketi.

"Mzee, hiyo haikuwa chuma," akasema. "Ni mafuta yameingia ndani ya mkono, na yamekuwa yakiula tangu Ijumaa. Ungefika siku hiyo hiyo, tungeyaosha."

Walikata kidole, kisha vilivyofuata, na mwishowe kiganja chote, juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Aliporudi, fundi alikuwa ameshabadilisha mpira, na usukani ukawa mwepesi kuliko zamani. Siku moja baba alipanda, akaushika kwa kushoto, akateremka hadi kona ya kwanza. Pale lazima ukate kona na kubadili gia kwa pamoja. Alisimamisha trekta, akaizima, akarudi kwa miguu. Alimwambia mama atafute mtu wa kuinunua. Mama naye hakupanda tena kwenye kile kiti, wala hatukumwuliza kwa nini.

Waliokuja walikuwa watu wa vyuma vikuukuu. Waliikata vipande kwa moto wa gesi, na nyanya akafunga mlango wa jikoni asione.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa mzee wa kanisa, na zamani ibada ikiisha alisimama mlangoni kuwapa watu mkono. Sasa alikaa benchi la nyuma, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Hakutaka kumsalimia mtu mzima kwa mkono wa kushoto.

Leo shamba letu limegawanywa kwa ndugu zangu, vipande vyembamba, kila kimoja na ua wake; hata trekta ingekuwepo isingepata pa kugeukia. Huko Sironga nyumba zimeota pale baba alipokuwa akilima. Nyumbani, nyanya na mama wamelala kando ya kaburi lake, karibu na migomba. Hayo nimeyazoea. Nisichoweza kuzoea ni hiki: mkono ule wa kulia ndio ulionishika kila asubuhi kunivusha mto nikienda shule, na sasa nikijaribu kuukumbuka, vidole vyake, kucha zake, sioni chochote. Naona bendeji tu.